Utaratibu wa Kazi Haukopwi: Mhadhara kwa Vijana wa Sanaa, Kikopey



Nilialikwa kuzungumza juu ya uandishi, lakini maswali yaliyonifikia kabla ya leo yalivuka uandishi. Mmoja wenu anatunga nyimbo. Mwingine anachora. Mwingine ana riwaya iliyokwama katika sura ya tatu tangu alipomaliza shule ya sekondari. Nyote mmeuliza jambo lile lile: nikishaanza, niendelee vipi? Hakuna aliyeniuliza namna ya kuanza. Kuanza mnajua, madaftari yenu yamejaa mianzo. Mnachotafuta ni namna ya kudumu, mwaka baada ya mwaka.

Nitatoa jibu langu mapema ili mpate muda wa kulipinga. Ninaamini kwamba utaratibu wa kazi ya ubunifu haukopwi. Hutoka katika saa ulizo nazo kweli, mahali unapoishi kweli, na kiasi cha kazi ambacho wewe mwenyewe umejionea unaweza kukimaliza. Watu waliodumu waliitazama kazi yao kwa makini, wakazijua tabia zake, kisha wakazifuata.

Siku hizi kuna mahubiri mengi ya kuamka saa kumi alfajiri. Yako kwenye simu, yako kwenye vitabu vya barabarani, yako hata kwenye mimbari. Amka kabla ya jogoo, oga maji baridi, andika kurasa kadhaa, utafanikiwa. Sina ugomvi na anayeamka saa hiyo akafaidika. Lakini hebu tuitazame Kikopey. Magari ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Eldoret na Kisumu hujaa Ijumaa jioni. Jumapili yanarudi, na abiria wanataka mbuzi, ugali na kachumbari kabla ya kuipanda Naivasha na Kinungi. Sikukuu ikiangukia Jumatatu, kazi inarefuka tena siku moja. Anayekata nyama, anayechoma, anayesonga ugali, anayeosha vyombo, wote wanalala usiku umekwenda sana. Mwambie mtu huyo aamke saa kumi atunge wimbo, na utakuwa umemwambia aichukie sanaa yake.

Watu wengi hupumzika wikendi. Hapa wikendi ndiyo kazi. Basi wiki ya msanii wa Kikopey inaanzia kwingine: Jumatatu asubuhi, Jumanne, labda na Jumatano, barabara ikiwa imepoa. Huo ndio utajiri wenu, na hamjauhesabu kwa sababu hakuna kitabu kilichowaambia kwamba Jumanne saa nne asubuhi ni saa ya msanii. Mimi nawaambia ni saa ya msanii. Nendeni mkaihesabu.

Sasa niwachukue mwendo mfupi kutoka hapa hadi Kariandusi. Wengi wenu mmepita kwenye lile lango mara nyingi bila kuingia. Mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake walipagundua mnamo 1928, wakachimba katika miaka iliyofuata, na chini ya udongo walikuta mashoka ya mawe ya watu walioishi kando ya ziwa lililokuwa kubwa kuliko Elementaita ya leo. Mabaki ya ziwa hilo ndiyo yale mawe meupe mepesi, diatomaiti, yanayochimbwa jirani. Umri wa mashoka hayo wataalamu wanaukadiria kuwa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Baadhi ni ya mawe ya kawaida ya volkeno, na mengine ni ya obsidia, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo.

Ukiyainamia utaona jambo ambalo picha haionyeshi. Umbo ni moja, lenye ncha upande huu na tumbo pana upande ule, na kingo zake zimebanguliwa pande zote mbili. Lakini hakuna mashoka mawili yanayolingana. Hapa fundi aligonga vipande vikubwa vikubwa akaishia hapo, pale mwingine alirudi ukingoni na vigongo vidogo, kimoja kando ya kingine, mpaka ukawa mwembamba. Obsidia hukatika kwa urahisi na kwa ukali, kwa hiyo hairuhusu mkono mzito. Mawe mengine magumu hayasikii mkono mwepesi. Umbo fundi alilirithi, ila pigo alilipata mwenyewe, kwa jiwe lililokuwa mkononi mwake siku hiyo. Hilo ndilo ninalolisema juu ya utaratibu. Shairi lina arudhi, riwaya ina desturi zake, benga na taarabu zina mapigo yake, na hivyo vyote unavirithi kwa wakubwa wako. Namna ya kugonga, hata hivyo, ni yako, na unaijua kwa kugonga tu.

Kuna mfano mwingine wa hapa hapa, na huu naupenda zaidi kwa sababu tunaujua tangu mwanzo wake.

Mwaka 1972, mwanafunzi wa Kimarekani aitwaye Shirley Strum, kutoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alifika katika shamba kubwa la mifugo la Kekopey, katika ardhi hii tunayoikalia, kuwachunguza nyani. Wakati huo wanasayansi walikuwa na picha iliyokubalika: kwamba kundi la nyani ni dola la madume, dume lenye nguvu juu, wengine chini, na ugomvi ndio unaoshika kila kitu mahali pake. Kabla yake nyani hao walitazamwa zaidi kutoka ndani ya gari. Strum alishuka akatembea nao kwa miguu. Alfajiri anawakuta kwenye majabali waliyolala, na mchana kutwa anakwenda wanapokwenda, akiandika nani kakaa karibu na nani, nani kamchambua nani manyoya, nani kampisha nani. Kesho yake hivyo hivyo.

Baada ya muda, kile alichokuwa akikiandika kilikataa kulingana na kile alichofundishwa. Uti wa mgongo wa kundi ulikuwa majike na koo zao, wanaobaki pale walipozaliwa wakati madume huja na kuondoka. Aliyekuwa juu miongoni mwa majike alimwita Peggy. Dume mgeni, hata awe na nguvu namna gani, hakuweza kuingia kwa mabavu tu. Ilimlazimu ajenge urafiki, polepole, na majike na watoto wao. Wenzake wengi katika fani hawakumpokea kwa furaha. Yeye akarudi kwa nyani wake, akaendelea kuandika. Kitabu chake cha kwanza juu yao kilitoka mwaka 1987, miaka 15 tangu alipofika.

Nisikilizeni hapa, maana hili ndilo kiini cha nilichokuja kuwaambia. Strum hakuwa na utaratibu mzuri kwa sababu alikuwa mvumilivu kuliko wengine, ingawa uvumilivu alikuwa nao. Alikuwa na utaratibu mzuri kwa sababu alikiachia kiini cha kazi yake kiamue siku yake iweje. Nyani wanaamka saa fulani, basi naye anaamka saa hiyo. Nyani wanatembea, basi gari halifai. Angeng'ang'ania ratiba ya maktaba angerudi Marekani na ile picha ya zamani. Jiulize kazi yako inataka nini. Anayeandika juu ya soko hawezi kuwa na ratiba isiyo na soko. Anayetunga nyimbo za kuchezwa lazima awe na saa ya kuimba kwa sauti, kwa hiyo chumba chenye ukuta mwembamba na jirani mgonjwa ni tatizo la sanaa, si la nyumba tu, na inambidi aondoke atafute uwanja.

Halafu shamba liliuzwa. Wakulima wadogo waligawiwa ardhi, na bila shaka baadhi ya mababu zenu walikuwa miongoni mwao. Wakalima mahindi, na nyani wakayaona mahindi. Hakuna wa kumlaumu katika habari hiyo. Mkulima aliyeingoja ardhi miaka mingi hawezi kuambiwa amwachie nyani shamba. Mwaka 1984 Strum aliwahamishia nyani wake Laikipia, jambo ambalo watu wengi walidhani halitawezekana, na utafiti ukaendelea huko. Utaratibu wake wa Kekopey ulikufa pamoja na Kekopey. Alijenga mwingine. Mtu anayedumu huwa na taratibu kadhaa katika maisha yake, kila mmoja kwa majira yake. Ukipata mtoto, ukihama, ukibadilisha kazi, ule wa zamani hautakufaa tena, na kuulilia ni kupoteza miaka.

Tuje sasa kwenye kiasi. Naona vijana wengi wanaumizwa na ukubwa wa kipimo walichojiwekea. Wanasema: leo naandika sura. Sura haimaliziki, wanalala na hatia, na kesho hawarudi. Tazameni mshairi wetu Abdilatif Abdalla. Alikamatwa mwishoni mwa 1968 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama habari ya ujasiri, na ni ya ujasiri kweli. Mimi naomba tuitazame pia kwa jicho la fundi. Ubeti wa mishororo minne, wenye vina na mizani, ni kitu kidogo kinachoweza kushikwa chote kichwani. Unaweza kuutunga gizani. Vina vinakukumbusha mshororo uliopotea, na mizani inakuambia neno limezidi. Ukiupata, umepata kitu kizima, hata kama mlinzi atapita na hutaandika tena mpaka kesho. Jadi ya ushairi wa Kiswahili ilikuwa imemwandalia kipimo cha kazi kinachoingia kwenye seli.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini Kamiti tangu siku ya mwisho ya 1977 hadi Desemba 1978, alichagua kazi isiyo na msaada huo: riwaya, na tena kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi zile zile za choo. Askari waliupekua mswada wakauchukua, kisha ukarudishwa, akaendelea. Kwa hiyo sisemi kwamba kazi ndefu haiwezekani. Nasema kila mtu akijue kipande chake kizima. Kwa mtunzi wa riwaya kinaweza kuwa tukio moja: mtu anaingia dukani na kutoka akiwa amebadilisha nia. Kwa mchoraji ni mkono mmoja, umalizwe. Kwa mwenye nyimbo ni kiitikio. Kipande chako kizima ni kile unachoweza kukimaliza kabla hujaitwa na bosi, na ukiinuka unajua umekimaliza.

Na msidhani kwamba waandishi wetu wakubwa walikuwa watu wa kukaa tu wakisubiri mawazo. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika kuanzia 1926, kwanza katika forodha, baadaye katika ofisi nyingine, mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Aliaga dunia mwaka 1962 akiwa ameacha vitabu zaidi ya 20. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa mpelelezi Bwana Msa na kile kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960, alikuwa mhariri wa gazeti la kilimo, Mkulima. Ajira haikuwazuia. Naamini iliwasaidia, kwa maana iliwapa mipaka: saa za kazi ya watu na saa za kazi yao. Najua ajira ya karani ina pensheni na ya mchomaji haina. Najua pia kwamba mtu aliyesimama kutwa mbele ya moto miguu yake inauma. Sitaki kuwadanganya kwamba nia pekee inatosha. Lakini naomba mtu asiache kazi ya mshahara akidhani kwamba siku nzima iliyo wazi itajijaza sanaa yenyewe. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na siku hiyo ilijaa simu.

Hapa nataka niwasifu wachomaji, kwa sababu wana elimu ambayo waandishi tunaihitaji. Mchomaji hodari hana nyama moja motoni. Mbavu za wateja waliotangulia ziko katikati, mguu uko pembeni ukiiva polepole, na kile kilichokaribia kimesogezwa juu pasipo makaa kingoje. Hapepei ovyo wala hageuzi kila dakika. Akiona mafuta yanawasha ndimi za moto, anakisogeza kipande, haondoki kwenye jiko. Mtu wa kazi ya ubunifu naye awe na kitu zaidi ya kimoja, kila kimoja katika hatua yake: shairi linalotungwa, hadithi iliyokwisha andikwa na inalala kabla ya kuhaririwa, na wazo ambalo bado linahitaji kuulizwa maswali. Siku ambayo huna nguvu ya kutunga, hariri. Siku ambayo huwezi hata kuhariri, nenda kamhoji bibi anayejua habari unayoitaka. Ukiwa na kazi moja tu, siku ikikataa umekosa yote.

Wala usiogope kurudi kwenye jambo lile lile. Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru, mwaka 1971. Maandishi yaliyompa Tuzo ya Caine mwaka 2002 yalitokana na safari za nyumbani, na ndani yake mna mkutano wa ukoo wa mama yake kule Uganda, Krismasi ya 1995. Alipochapisha kitabu cha maisha yake mwaka 2011, mkutano ule umo tena. Katikati alikuwa amewakusanya wenzake wakaanzisha jarida la Kwani?, mwaka 2003, ambalo lilifungulia milango waandishi wengi wa Kenya. Jambo moja lilimkaa zaidi ya miaka 15 naye hakuona haya kulirudia, kwa sababu kila aliporudi alikuwa na jicho jingine. Nyumba ya mama yako, shamba lililouzwa, ajali uliyoishuhudia kwenye barabara hii: hayaishi kwa kuandikwa mara moja. Msiyaache eti kwa kuwa mmeshayagusa.

Mtaniuliza, nitaanzaje kuutafuta utaratibu wangu? Chukua daftari la bei rahisi, tofauti na lile la kazi yenyewe. Kila unapofanya kazi, andika ilikuwa siku gani, saa ngapi, umekaa wapi, umefanya nini, na kilichokukatiza ni nini. Usijikemee humo. Strum hakuwakemea nyani. Baada ya majuma kadhaa soma ulichokiandika kama unasoma habari za mtu mwingine. Utaona kwamba mistari yako mizuri mingi ilikuja ukitembea kutoka kisimani au ukirudi Gilgil, si mezani. Au utaona kwamba unapoiweka simu chumba kingine unafanya mara mbili. Au utaona kwamba usiku, saa uliyodhani ndiyo yako, hujawahi kuandika chochote ulichokibakiza. Hapo ndipo unaanza kupanga, na unapanga kidogo: jambo moja unalibadilisha, unalitazama, kisha jingine.

Jambo moja zaidi limenisaidia mimi, na naliona likiwasaidia wengi. Ukiinuka, acha maagizo. Andika mstari mmoja chini ya ukurasa unaosema kinachofuata ni nini: hapa Nyambura anagundua barua, hapa rangi ya ziwa irekebishwe. Mtu wa kesho atakuwa amechoka na amesahau, na ukimwachia ukurasa mtupu atafunga daftari.

Mwaka 2021 Nakuru iliingizwa katika mtandao wa UNESCO wa miji ya ubunifu, kwa ajili ya ufundi na sanaa za jadi, na tarehe mosi Desemba mwaka huo huo ikapewa hadhi ya jiji. Nimefurahi kama kila mtu wa Bonde la Ufa. Ila cheo cha mji hakimwandikii mtu ubeti. Msanii wa Kikopey hajaniomba tamasha. Ameniomba meza, kiti, na saa mbili ambazo hataitwa.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho ni kwenu, wenye hoteli mlioketi hapa. Jumatatu hadi Jumatano asubuhi meza zenu nyingi ziko wazi. Teueni moja, upande usio na muziki, muwaruhusu vijana wafanyie kazi hapo mpaka saa sita bila kulazimishwa kununua kitu. Haitawagharimu zaidi ya kikombe cha chai. Na nyinyi vijana, ruhusa hiyo ikitolewa, fikeni Jumatatu hii hii na madaftari yote mawili.